Nyumba Zilizosiribwa kwa Ajili Yetu

Tangu nirudi Morogoro sijanunua hata fungu moja la nyanya bila kuulizwa. "Enhe, mama, lile tetemeko la Songwe, hasara yake kiasi gani?" Mnauliza huku mmeshika vikapu, mnataka niwatajie namba moja mwende zenu. Namba ipo, imeshaandikwa, na wakubwa wameipokea. Lakini hata mkiisoma hamtajua kilichotokea, wala hamtajua kwa nini nilirudi na udongo mwekundu kwenye kucha na kiuno kinachokataa kuinama. Basi kaeni. Nitasimulia mara hii moja, halafu mniache ninunue nyanya zangu kwa amani.

Morogoro hadi Tunduma: shingo upande

Kwa wasionijua vizuri, kazi yangu ni kuthamini majengo. Moto ukiunguza au mafuriko yakibomoa, naitwa kutazama kilichobaki na kukadiria kilichopotea. Tetemeko lile lilikuwa limepiga katikati ya msimu wa kuchuma kahawa. Sisi tuliitwa majuma kadhaa baadaye, mvua zikiwa zinanukia. Tulielezwa jambo moja bila kuzungushwa: nyumba tutakazoziandika kuwa zimeharibika ndizo zitakazosaidiwa kabla ya mvua. Tusizoziandika zitasubiri. Shikeni hilo, maana ndilo lililonitoa jasho.

Mimi na mabasi ya masafa hatupatani. Kufika Kitonga tukakuta lori limelala kwenye kona, nyuma yake foleni, mbele yake watu wanaoelekeza na hakuna anayefanya kazi. Tukateremka. Nilikuwa nimenuna hadi jirani yangu wa kiti akanionea huruma, akanipa karanga zilizofungwa kwenye gazeti. Alijitambulisha kuwa Mama Sichone, muuza vitenge wa Tunduma, anatoka Dar es Salaam kufuata mzigo.

Aliposikia kazi yangu aliacha kutafuna. "Mtaandika na wateja?"

"Wateja gani?"

"Duka langu halina ufa hata mmoja. Hakuna kitenge kilichoanguka. Ila bakasitoma wangu, wateja wa ng'ambo, Wazambia, walisikia ardhi ya Tunduma inacheza, wakaogopa kuvuka. Nimekaa dukani natazama barabara tu. Hiyo mtaiweka wapi?"

Nikamwambia tutaitafutia mahali. Akacheka, si kwa dharau, akanimiminia karanga nyingine. "Mama, utamwonaje mtu ambaye hakuja?"

Nikasingizia karanga, nikatafuna polepole mpaka lori lilipoondolewa.

Tunduma: kila mtu ana ufa

Tunduma ilinipokea kwa vumbi na malori yaliyopangana kuelekea mpakani. Mwenzangu wa kazi alikuwa ananisubiri stendi: mhandisi Kayuni, mwanamume mwembamba wa makamo, mzaliwa wa milima ya Ileje, anayeongea kama mtu anayelipia kila neno. Chakula tu ndicho asichokionea ubahili.

Tulipoanza kuzunguka madukani na karatasi mkononi, watu walidhani sisi ni wa kodi. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hata muuza maandazi akafunika beseni lake. Kayuni akapaza sauti, "Jamani, sisi ni watu wa tetemeko!" Mji ukafunguka. Wale wale waliotukimbia sasa walituvuta mikono, huyu anataka tuanze kwake, yule anasema ukuta wake umepasuka zaidi.

Hasara ya kweli ilikuwepo, nisiwaonee. Tuliona ghala lililokaa upande, vioo vilivyomwagika, na fundi cherehani aliyeangukiwa na dari akiwa kazini, akapona kwa kuingia chini ya meza yake. Lakini kulikuwa pia na bwana mmoja aliyetupeleka nyuma ya duka lake kwa unyenyekevu mkubwa, akatuonyesha ufa wa kutoka juu hadi chini. "Tetemeko hili, mama. Nilisikia paa!"

Nikauchungulia. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu, kikavu, juu yake kingine kikavu zaidi.

"Na hawa nyigu," nikamuuliza, "nao walihamia siku ile ile wakajenga ghorofa?"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao bila haya yoyote. "Mama ana macho!" akasema. Baadaye Mama Sichone alitukaribisha mchana, akatupikia ugali na mboga za majani zilizoungwa karanga, chakula wanachokiita ifisashi kama majirani zao wa ng'ambo. Kayuni alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Mimi nikamwandika Mama Sichone na wateja wake ambao hawakuja, pembeni kabisa ya karatasi, mahali ambapo hapakuwa na nafasi yake.

Nilitoka Tunduma nikijiona mjanja. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akisikia msaada, ufa wake unarefuka. Somo hilo nililibeba hadi milimani, na huko lilikuwa la hatari.

Mlowo: gari bovu na maneno ya mpishi

Gari tulilopewa Tunduma lilivunjika springi karibu na Mlowo, na dereva wake akatuambia fundi "anakuja sasa hivi". Hiyo sasa hivi ilitosha kwa kuku kukamatwa, kuchinjwa, kuchemshwa na kuletwa mezani. Mlowo haina utulivu. Magunia yanapanda na kushuka, madalali wanaitana, mizani inagombaniwa. Pale ndipo nilipoelewa jambo la kahawa. Vikundi vya wakulima vina mitambo ya kumenya na matangi ya kuloweka, ndipo kahawa yao inapata bei nzuri. Tetemeko lilipasua matangi, na wengi wakauza kahawa mbivu jinsi ilivyotoka mtini, kwa bei ya kumkimbiza mtu. Kahawa mbivu haisubiri fundi.

Mama aliyetupikia kuku alituuliza tunakwenda wapi. Tukamwambia Iyula, kisha Isansa.

"Wameumia kule," akasema huku akikusanya sahani. "Mmewaambia mnakwenda?"

"Tumetuma taarifa mapema," nikamjibu kwa fahari. Mimi ni mtu wa adabu, siingii kwa watu kama mvua.

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Haya," akasema, "mtaona." Akaondoka na sahani. Nilidhani ana shughuli nyingi.

Iyula hadi Isansa: kuta zinazong'aa

Iyula tangi la kahawa lilikuwa limepasuka waziwazi, maana saruji haifichiki. Darasa moja la shule lilikuwa halina ukuta wa nyuma, na watoto walisomea chini ya turubai, wakatuimbia wimbo mzuri kupita kiasi. Lakini nyumba za watu, ndugu zangu, zilikuwa zinameremeta. Chini zimepigwa udongo mwekundu, juu udongo mweupe, viwanja vimefagiwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Nikaandika: nyumba nzima, nyumba nzima, nyumba nzima. Nilivyozidi kuandika, ndivyo nilivyozidi kukasirika. Taarifa iliyotuita ilisema vijiji hivi vimeumia kuliko vyote. Mbele ya macho yangu nilikuwa namwona yule bwana wa nyigu.

Isansa hali ikawa ile ile. Nikamgeukia mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole aliyevaa koti la kanisani kwa ajili yetu. "Mwenyekiti, mlituita tuje kutazama nini?"

Akatazama viatu vyake. "Tazameni tu, mama. Mkichoka, chakula kipo."

Springi ilikuwa imefungwa kwa muda tu, dereva akarudi nayo Mlowo kwa fundi, kwa hiyo tulilala Isansa. Kayuni alipelekwa kwa mwenyekiti, mimi kwa Mama Tumaini Nzunda, mjane wa umri wangu, mwenye mikono mipana na sauti ya kwanza ya kwaya. Anaishi na mama mkwe wake na wajukuu wanne. Alinipokea kwa kupiga goti, nami nikamwinua haraka, maana tu rika moja. Akanipa chumba kizuri: kitanda cha mbao chenye shuka iliyopigwa pasi, na ukuta mweupe pe nyuma ya mto. Nikalishwa kuku, viazi na chai ya maziwa. Nilipouliza wao wanalala wapi, akasema, "Tupo, mama. Nyumba ni kubwa." Nikalala vizuri, Mungu anisamehe.

Siku iliyofuata tulipita tena nyumba kwa nyumba, na zote zikawa nzima. Mchana nilikwenda nyuma kutafuta maji ya kunawa, nikapitia stoo ya kahawa, kibanda cha miti na bati la zamani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mikeka, mablanketi, vyungu, viatu vya watoto vilivyopangwa kwa ukubwa, na mama mkwe amelala juu ya magunia matupu. Alinisalimu kwa Kinyiha, akavuta blanketi usoni kama mtu aliyekutwa bafuni.

Nikarudi chumbani kwangu. Nikautazama ule ukuta mweupe. Udongo ulikuwa umeanza kukauka, na ulivyokauka ulikuwa umeachia mstari. Mstari ulitoka kwenye dari, ukakata kona ya dirisha, ukashuka mpaka kwenye mto wangu. Nikaweka kiganja. Kilitoka cheupe na kibichi.

Nilimwita Kayuni. Akabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia chote. Akazunguka nje, akarudi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akainuka haraka kama aliyekumbuka jambo.

"Ukuta huu umeachana na wenzake," akasema. "Umeshikiliwa na udongo na maombi. Na nyumba zote tulizopita ni hivi hivi, mama. Nilipaswa kujua, mimi ni mtu wa milima hii."

"Kujua nini?"

"Tulituma taarifa kwamba wageni wanakuja. Sasa mgeni anakuja, wewe utamwachia nyumba yenye nyufa? Wamesiriba. Kijiji kizima kimesiriba. Hata mama yangu kule Ileje angesiriba, tena angenituma mimi nichote maji." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema. "Mgeni haonyeshwi kidonda."

Nilisikia aibu, na hasira, na huruma. Watu walikuwa wameacha kahawa ya mwisho inaoza mitini ili wachote udongo, waufiche msiba wao machoni petu. Na mimi nilikuwa nimewaandika: nyumba nzima.

Isansa: siku ya jembe

Mngesema ni rahisi, futa, andika upya. Lakini kazi yetu haina "nimesikia". Ufa lazima uonekane, upimwe, upigwe picha. Kayuni angeweza kukwangua ukuta kwa dakika chache, ila mimi nilimkataza. Huwezi kula kuku wa mtu, ulale kwenye shuka yake, kisha umbomolee ukuta bila ridhaa yake.

Nikamfuata Mama Tumaini jikoni, nikamweleza yote. Kwamba nimeona stoo. Kwamba nisipoandika ufa, msaada utampita. Kwamba tukiondoka watarudi kulala ndani, na mvua zikija ule udongo utalowa.

Alikuwa anapepeta maharage, hakuacha. "Nyumba ni nzima, mama."

"Mama Tumaini, kidole cha mhandisi kimeingia chote."

"Ana vidole vyembamba."

"Tafadhali, ndugu yangu."

Ndipo akaweka ungo chini, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ukirudi kwenu utasema Isansa ulilala wapi? Kwenye nyumba ya mjane iliyobomoka? Mume wangu aliijenga nyumba hii kwa kahawa ya mikono yake. Haijawahi kumlaza mgeni vibaya. Andika unachotaka, mama, lakini ukuta sivunji mgeni akiwa ndani."

Alikuwa sahihi kwa sheria zake, na sheria zangu zilikuwa hazimfai kitu. Dereva akapiga simu kwamba gari limepona, asubuhi anakuja kutuchukua. Jioni ile nilikula kidogo, nikalala kichwa nimekielekeza mlangoni, mbali na ule ukuta. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti ya kahawa.

Kulipokucha nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda jikoni, nikasimama mlangoni. "Mama Tumaini, naomba jembe."

"La nini?"

"Mgeni siku mbili. Leo ya tatu."

Alinitazama kutoka kwenye nywele zangu zilizosukwa Morogoro hadi kwenye viatu vyangu. "Mama, huo ni msemo tu."

"Kwetu tunaufuata. Mgeni ameshaondoka. Jembe liko wapi?"

Nadhani alitaka kunikomoa. Akanipa jembe zito, akanipeleka kwenye kishamba cha maharage nyuma ya nyumba, akaketi kwenye jiwe kunitazama. Nililima. Tangu shule ya msingi sikuwa nimelima, na ilionekana. Mama mkwe akatoka stoo kushuhudia, wajukuu wakapanga mstari, mwenyekiti akaja na koti lake, na Kayuni akala kiazi chake kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Mama Tumaini alianza kucheka kwa kujizuia, halafu bila kujizuia, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Basi, basi, umelima," akasema. "Unayachinja maharage yangu."

"Sasa mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni mtu wa hapa. Mtu wa hapa asiyejua kulima."

Nikaweka jembe begani, nikaingia ndani, nikasogeza kitanda. Akanifuata. Nikasimama mbele ya ukuta mweupe bila kuugusa. "Mgeni hayumo humu," nikamwambia.

Akaupapasa ule ukuta kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono. "Lete. Utajikata."

Alipiga mara moja. Udongo ukaanguka kipande kizima, na mwanga ukaingia. Kupitia ule ufa tuliiona miti ya kahawa, na matunda yake yaliyokuwa yamegeuka meusi. Akapiga tena, na tena, sasa akilia kwa sauti, analitaja jina la mumewe, na mama mkwe akawa anamshika mgongo. Mimi pia nililia. Kayuni akapima akiwa ametugeuzia kisogo.

Majirani walikuja kwa sababu ya ule mlio. Wakasimama uwanjani, wakamwona Mama Tumaini, mwanamke anayefagia mpaka njia ya jirani, anaukwangua ukuta wake mwenyewe mbele ya watu. Mwenyekiti ndiye aliyegeuka kwanza. Akavua lile koti, akalikunja, akaenda kwake. Punde tukasikia jembe linagonga ukuta kule kwake. Halafu la pili, upande wa kanisa. Halafu yakawa mengi, juu na chini ya kilima.

Dereva alitukuta hatujamaliza hata nusu. Alilalamika sana, akapewa uji, akalalamika kidogo. Tulifuta "nyumba nzima" zote na kuandika upya. Kurudi tukapitia tena Iyula, na huko habari zilikuwa zimetutangulia. Tulikuta kuta zimeshakwanguliwa, wenye nyumba wamesimama mlangoni wameinamisha macho, kama watu wanaosubiri kuchanjwa.

Nyumbani

Kwa hiyo namba mnayoiuliza ilipatikana hivyo. Ina ghala la Tunduma, ina matangi ya kahawa, ina kuta za Isansa. Wateja wa Mama Sichone niliwapigania nikapata mstari mmoja mwishoni. Ule udongo mweupe uliochotwa kwa ajili yetu haumo, maana sikujua niuthamini vipi.

Mvua za kwanza zilipofika huko, Mama Tumaini alinipigia simu. Alianza kwa kunisalimia mimi, watoto wangu, kazi yangu na majirani zangu, kwa utaratibu, mpaka nikaanza kuogopa.

"Ule ukuta umelala," akasema.

"Umelala wapi?"

"Kitandani kwako. Wote."

Nilikaa chini palepale, pembeni ya barabara. "Nyie mlikuwa wapi?"

"Stoo. Mhandisi alitukataza kurudi ndani, akatuachia lile turubai la gari lenu tufunike juu. Na mabati tuliyoandikiwa yamefika kwa mwenyekiti, vijana wanaanza msingi Jumatatu." Nikasikia mvua inavyopiga turubai. "Kitanda tu ndicho kilichokwisha, mama. Ukija utalala chini na sisi."

"Nitakuja," nikamwambia.

"Njoo. Ila safari hii usitume taarifa."